Bweni Lisilo na Jina: Nyumba za Kale Jirani na Kenyatta Market

Apitaye Kenyatta Market adhuhuri ya Jumamosi hulakiwa na mambo mawili kabla hajavuka barabara: moshi wa nyama choma, na sauti za akina dada wanaomwita kila mwanamke apitaye ili wamsuke nywele. Hayo mawili ndiyo yaliyolipa soko hilo sifa yake mjini Nairobi. Lakini pana biashara ya tatu, isiyo na moshi wala kelele, ambayo hutangazwa kwa vikaratasi vilivyobandikwa kwenye nguzo za umeme na malango ya mabati: vyumba vya wanafunzi vipo, maji yapo, hospitali ni mita mia tatu. (Aliyezipima mita hizo bila shaka alikuwa na miguu mirefu.) Ukiifuata anwani ya kikaratasi kama hicho, mara nyingi hufiki kwenye jengo jipya la ghorofa. Unafika kwenye nyumba ya zamani, iliyojengewa baba, mama na watoto wao, ambayo sebule yake sasa imegawanywa kwa mbao nyembamba, gari limeondolewa bandani ili vitanda viingie, na chumba cha nyuma kimepakwa rangi na kupewa kufuli jipya.

Ni biashara ambayo haijazungumzwa vya kutosha, na walimu na wanafunzi ndio wanaohusika nayo zaidi kuliko mtu mwingine yeyote. Mwanafunzi hulala humo. Mwalimu ndiye aliyemwandaa kuja chuoni, akamweleza habari za mitihani, alama na karo, lakini aghalabu hakumweleza neno kuhusu mahali atakapolaza kichwa chake.

Ili tuelewe kwa nini wanafunzi wamejaa pande hizi, yatupasa kuitazama ramani. Upande mmoja wa soko ipo Hospitali Kuu ya Kenyatta, ambayo chimbuko lake ni hospitali ndogo ya Waafrika iliyoanzishwa mwaka 1901. Katika eneo hilo hilo la hospitali kipo kitivo cha utabibu cha Chuo Kikuu cha Nairobi, kilichoanza mwaka 1967, na pia Chuo cha Mafunzo ya Utabibu, KMTC, ambacho historia yake yaanzia 1927. Taasisi ya utafiti wa tiba, KEMRI, iliyoundwa mwaka 1979, iko papo hapo Barabara ya Mbagathi. Ukienda kidogo upande wa Madaraka utakikuta Chuo Kikuu cha Strathmore. Mwanafunzi wa udaktari huanza masomo yake Chiromo, kisha miaka ya baadaye hufunzwa wadini, kando ya vitanda vya wagonjwa. Wadi haina saa ya kufunga. Mwanafunzi wa uuguzi anayemaliza zamu usiku, au wa udaktari anayetakiwa kuwapo alfajiri kabla ya daktari mkuu kuwazungukia wagonjwa, hawezi kukaa Rongai au Kitengela akategemea matatu. Kwake yeye nyumba ya karibu ni sehemu ya masomo.

Mabweni ya vyuo yalikwisha kuelemewa zamani. Wasomaji wa rika langu watakumbuka mwaka 1990, wakati vyuo vikuu vya umma vilipowapokea kwa pamoja wanafunzi wa mwisho wa mfumo wa kale wa kidato cha sita na wale wa kwanza wa mfumo wa 8-4-4. Mwaka uliofuata serikali ikaleta mpango wa kugawana gharama. Mwanafunzi aliyezoea kupewa chakula na kitanda akaambiwa anunue sahani yake mwenyewe. Mwaka 1998 Chuo Kikuu cha Nairobi kikafungua mlango kwa wanafunzi wa kujilipia, na idadi ikapanda tena. Vitanda havikuongezeka kwa kasi hiyo. Hapo ndipo nyumba za jirani zilipoanza kujaza pengo, na ni haki kusema waziwazi kwamba zimelijaza. Kama si hizo, maelfu ya vijana wa Kenya wasingekuwa na pa kulala.

Nyumba zenyewe zina historia inayosomeka katika ramani zake. Nairobi ya kikoloni iligawanywa kwa rangi, na upande wa magharibi, kandokando ya Barabara ya Ngong, ulitengewa Wazungu. Mtaa wa Woodley, ambao pia huitwa Joseph Kang'ethe, ni mfano ulio karibu na soko hili: nyumba zenye paa la vigae, bustani kubwa, na nyuma kabisa, karibu na ua, kijumba cha mtumishi. Baada ya uhuru mitaa mingine ikajengwa kuuzunguka uwanja wa gofu na hospitali, Golf Course na Ngumo ikiwamo, kwa ajili ya watumishi wa umma na tabaka jipya la kati. Wajenzi hao nao wakaiga mtindo ule ule: nyumba ya bwana mbele, chumba cha mtumishi nyuma. Kijumba hicho, ambacho hadi leo huitwa SQ, kilikusudiwa mpishi au mtunza bustani, mtu mmoja tu asiyetarajiwa kuwa na mke wala mtoto pamoja naye. Dirisha lake ni dogo, choo kiko nje, na paa liko chini. Leo daktari wa kesho ndiye analalamo, na mwenzake kwenye kitanda cha juu.

Sasa tuitazame hesabu, maana bila hesabu lawama huwa rahisi mno. Tuchukue mfano wa kubuni. Nyumba ya vyumba vitatu vya kulala yapangishwa familia moja kwa shilingi 60,000 kwa mwezi. Mwenyewe aigawe sebule, ageuze banda la gari, atumie na SQ, apate vyumba sita. Kila chumba akiweke vitanda viwili, kila kitanda shilingi 9,000. Nyumba ile ile yaleta shilingi 108,000. Kwa mwaka ni 1,296,000. Hata akilipa ushuru wa mapato ya kodi za nyumba, ambao tangu Januari 2024 ni asilimia 7.5 ya mapato yote kwa wale wanaopata kati ya 288,000 na milioni 15 kwa mwaka, atatoa shilingi 97,200 na bado atakuwa amempita mbali jirani yake aliyebaki na familia. Mwanafunzi naye hulipa 9,000 mahali ambapo peke yake asingepata hata chumba kimoja chenye bafu. Kwa hiyo pande zote mbili zina sababu ya kuridhika, na ndiyo maana hakuna anayeuliza maswali.

Mwenye nyumba mwenyewe aghalabu si tajiri tunayemfikiria. Ni mwalimu mstaafu, karani wa zamani wa wizara, au muuguzi aliyefanya kazi miaka thelathini na kulimaliza deni la nyumba karibu na kustaafu. Pensheni yake hailingani na bei ya dawa zake mwenyewe. Watoto wameondoka, vyumba vitupu. Kumwambia mtu huyu asipangishe ni dhuluma. Tena biashara yake ina hatari zisizoonekana kwenye hesabu niliyoitoa. Mtihani wa KCSE wa mwaka 2016 uliposahihishwa kwa ukali mpya, waliopata alama ya C+ kwenda juu walishuka chini ya 90,000, ilhali mwaka mmoja nyuma walikuwa zaidi ya 160,000. Wanafunzi wa kujilipia wakakauka vyuoni, na walioazima fedha benki kukarabati nyumba wakabaki na vitanda vitupu. Machi 2020 ugonjwa wa Korona ukavifunga vyuo vyote. Wapo wenye nyumba waliokaa miezi bila shilingi, huku fundi akidai salio la kazi yake.

Lakini kuelewa si kufumba macho. Tuingie ndani ya nyumba yenyewe.

Nyaya za umeme za nyumba iliyojengwa miaka ya sitini au sabini ziliwekwa kwa matumizi ya wakati ule: taa, redio, pasi, pengine jokofu moja. Zigawe sasa kwa wakazi kumi na wawili, kila mmoja na birika lake la umeme, jiko dogo chini ya kitanda, tarakilishi, simu mbili, na bafuni shawa inayopasha maji papo kwa papo, ambayo yenyewe hula umeme kuliko nyumba nzima ilivyokuwa ikitumia zamani. Fundi anayeitwa kukarabati hupaka ukuta rangi, hubadilisha sinki na kutandaza vigae, kwa sababu hivyo ndivyo vinavyoonekana na mpangaji anapokuja kukagua. Nyaya zimo ndani ya ukuta, hazipigwi picha. Fyuzi ikikatika mara kwa mara, dawa inayotolewa ni kuweka fyuzi kubwa zaidi, jambo ambalo ni sawa na kumnyamazisha mlinzi kwa sababu anapiga kelele mwizi akija.

Kisha ule ubao wa kugawia sebule. Ni mkavu na mwepesi, na juu yake mara nyingi pameachwa nafasi ili hewa ipite, kwa kuwa chumba cha pili hakina dirisha. Nafasi inayopitisha hewa hupitisha na moshi. Madirisha ya mbele yana vyuma, kwa kuwa wezi wapo. Lango la nyuma lina kufuli, na ufunguo anao mlezi wa nyumba, ambaye saa nane usiku yuko kwake.

Nikiandika haya siwezi kusahau kwamba mwendo mfupi kutoka soko hili, kwenye Barabara ya Joseph Kang'ethe, ipo Shule ya Wasichana ya Moi Nairobi, ambayo bweni lake liliteketea usiku Septemba 2017 na kuwaangamiza wasichana kadhaa. Moto ule uliwashwa na mkono wa binadamu, haukutokana na nyaya mbovu. Hata hivyo ulitukumbusha kwamba wanaolala wengi chumba kimoja huhitaji njia ya kutokea kuliko wanavyohitaji godoro. Mwongozo wa usalama shuleni uliotolewa na Wizara ya Elimu mwaka 2008 wakataza vyuma kwenye madirisha ya bweni, wataka milango ifunguke kuelekea nje, na nafasi kati ya kitanda na kitanda isipungue mita 1.2. Kinaya ni kwamba msichana aliyelindwa na mwongozo huo akiwa kidato cha nne, alau katika maandishi, hupoteza ulinzi huo wote siku anapojiunga na chuo na kupanga kitanda Ngumo. Hajabadilika yeye, wala moto haujabadilika. Kilichobadilika ni kwamba nyumba anayolala haiitwi bweni.

Lipo jambo la paa pia. Katika nyumba nyingi za enzi hizo, hasa zilizojengwa na serikali na mashirika yake, paa au dari ni la asbesto. Bati la asbesto likikaa bila kuguswa halina hatari kubwa. Likikatwa, likitobolewa au kuvunjwa hutoa vumbi lenye nyuzi zisizoonekana, ambazo zikiingia mapafuni hukaa humo na baada ya miaka mingi huweza kuleta saratani. Kanuni za taka za mwaka 2006 zaihesabu asbesto kuwa taka hatari, na kuiondoa kwahitaji idhini ya mamlaka ya mazingira, NEMA, na watu waliofunzwa kazi hiyo. Fundi wa kawaida anayeongeza chumba hupanda juu na msumeno, kitambaa kimefungwa puani, na vipande hutupwa kando ya barabara. Wanafunzi wanaosomea magonjwa ya mapafu hospitalini hurudi jioni wakapita juu ya vipande hivyo.

Na maji? Bomba lililokusudiwa watu sita sasa latakiwa kuwatosha kumi na wawili au zaidi, katika jiji ambalo maji hugawiwa kwa zamu. Mwenye nyumba huweka tangi, na hilo ni jema. Lakini maji yanayoingia lazima yatoke, na mfereji wa majitaka uliolazwa chini ya mtaa haukupanuliwa. Ndiyo maana msimu wa mvua majirani wa nyumba moja iliyogeuzwa hujua idadi ya wapangaji wake kabla ya afisa yeyote wa kaunti.

Tukiuliza sheria yasema nini, tutakuta zipo nyingi na haziligusi jambo lenyewe. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, yampa kila mtu haki ya makao yafaayo na usafi wa kiwango cha kuridhisha. Sheria ya mipango ya ardhi ya 2019 yamtaka anayebadilisha matumizi ya jengo aombe kibali cha kaunti. Sheria ya kudhibiti kodi za nyumba, sura ya 296, iliyotungwa kabla ya uhuru, ingemlinda mpangaji dhidi ya kupandishiwa kodi ovyo na kufukuzwa, lakini yahusu nyumba ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Ni nani leo, kando ya Kenyatta Market, apataye hata kitanda kwa 2,500? Mwanafunzi huingia kwa makubaliano ya mdomo, akatoa amana, na mwishoni mwa muhula akaambiwa kwamba amana imekwenda kupaka rangi ukuta ambao tayari ulikuwa umechubuka alipofika. Mkopo wa HELB ukichelewa, kufuli hutangulia mazungumzo. Kwa upande wake, mwenye nyumba aliyeachiwa bili ya umeme na kijana aliyehama usiku na godoro kichwani hana pa kumshitakia ila apoteze wakati wake na nauli.

Kwa nini basi wenye nyumba hawaombi kibali? Niliwahi kumwuliza mmoja wao, mzee ninayemheshimu, tuliyekuwa tumeketi tukisubiri nyama ikatwe. Alicheka. "Mwalimu," akaniambia, "nikienda kuomba kubadilisha matumizi, nitatakiwa kuleta mchoraji ramani, mpimaji, tangazo la gazeti, na ada ya kila meza. Na nikisha kupewa, nitaambiwa hii sasa ni biashara, lipa leseni ya biashara. Lakini nikisema nakaa na wajukuu, nani atanihesabia wajukuu?" Jibu hilo laeleza mengi. Serikali imeiweka njia halali kuwa ngumu na ghali kiasi kwamba mtu mwaminifu anajikuta amejificha pamoja na mlaghai, na wote wawili hawakaguliwi.

Nchini Uingereza, ambako sheria zetu nyingi za nyumba zilichotwa, tatizo hili walilipatia jina. Chini ya sheria ya nyumba ya 2004, nyumba inayokaliwa na watu watano au zaidi wasio wa jamaa moja, wanaoshiriki jiko au choo, huhitaji leseni ya baraza la mtaa. Tangu 2018 sharti hilo lahusu hata nyumba isiyo na ghorofa nyingi. Mkaguzi huangalia njia ya kutokea moto ukizuka, ving'ora vya moshi, ukubwa wa vyumba na idadi ya vyoo. Haulizi kama mpangaji ni mwanafunzi au mwashi. Sisemi tuinakili sheria hiyo neno kwa neno; mabaraza yao yana wakaguzi na sisi tuna uhaba. Nasema tu kwamba kuitambua nyumba ya aina hii kama aina ya pekee, isiyo nyumba ya familia wala hoteli, ndiyo hatua ya kwanza, na hatua hiyo haihitaji fedha nyingi. Kaunti ya Nairobi yaweza kuwa na daftari la hosteli ndogo, kwa ada nafuu, kwa fomu ya ukurasa mmoja, na sharti chache tu: fundi wa umeme mwenye leseni athibitishe nyaya, pawe na milango miwili inayofunguka kutoka ndani bila ufunguo, dirisha moja la kila chumba liwe na vyuma vinavyoweza kufunguliwa, choo kimoja kwa idadi fulani ya watu.

Vyuo navyo visinawe mikono. Chuo chaweza kuweka orodha ya nyumba zilizokaguliwa na kuwapa wanafunzi wapya pamoja na barua ya kujiunga. Mwenye nyumba atakayeorodheshwa atapata wapangaji bila kubandika vikaratasi. Asiyeorodheshwa atalazimika kueleza kwa nini. Ni njia inayotumia tamaa ya faida badala ya kupigana nayo, na nadhani itawasukuma wengi kuliko askari wa kaunti.

Yupo atakayesema: zibomolewe tu nyumba hizi, tujenge ghorofa. Ndilo wimbi lililopo. Woodley yenyewe imeingizwa katika mpango wa kaunti wa kujenga majumba marefu, na wapangaji wa miaka mingi wametakiwa kupisha. Sipingi ghorofa zote. Lakini ghorofa mpya haina kodi ya 9,000, na jengo refu si lazima liwe salama kwa kuwa ni jipya: lile lililoporomoka Huruma Aprili 2016 na kuua makumi ya watu halikuwa la kale. Nyumba ya zamani yenye kuta nene za mawe, ikitengenezwa kwa uangalifu, yaweza kuwahifadhi wanafunzi miaka mingine arobaini kwa gharama ndogo kuliko kuanza upya. Swali langu ni kuhusu neno hilo, uangalifu, na nani analilipia.

Hadi daftari hilo litakapofunguliwa, mwanafunzi wa kidato cha nne anayesoma safu hii atakuja mjini na kukitazama kikaratasi kile nguzoni. Mwalimu wake amweleze kwamba kabla ya kutoa amana aombe kuonyeshwa mlango wa pili na kuufungua kwa mkono wake mwenyewe. Aguse ukuta karibu na swichi baada ya shawa kuwashwa dakika kumi, auhisi kama una joto. Aulize watu wangapi wanatumia choo kimoja, kisha amwulize mpangaji mwingine swali hilo hilo. Na apate risiti yenye jina, tarehe na kiasi cha amana, hata kama imeandikwa kwenye karatasi ya daftari la shule.